Siku Niliyoitua Ndege ya Mama kwa Uzi

Ilianza Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri, na saa hiyo naijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika saa ya mezani ya Bibi nikiitia ufunguo. Naungama mapema nisije nikajisafisha mbele ya safari: yote yaliyotokea kesho yake pale kwetu Chang'ombe ya Dodoma, majirani kujaa uani, Baba kushuka kwenye treni ya mizigo hana damu usoni, kuni za watu kuteketea bure, yalitoka mdomoni mwangu mimi Mwanaidi, na mpaka leo nikifika karibu na duka la Mzee Sufiani navuka barabara nikijifanya natazama ndala zangu.

Mama yangu anauza vitambaa sokoni. Tangu enzi hizi za ruksa ya biashara zilipoingia, wenzake walikuwa wanakwenda Dubai mmoja mmoja na kurudi na mabegi makubwa kuliko wao, wakikaa vibandani kusimulia maduka yenye ubaridi ndani utadhani Juni ya Dodoma imefungiwa humo, na Mama akawa anasikiliza tu, anakunja vitenge vyake, anasikiliza, mpaka mwaka huu akasema na yeye anakwenda. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Tunazisikia tu zikipita juu ya bati kipindi cha Bunge, na kuku wanakimbia. Mama akaondoka Jumanne alfajiri kwa basi, alale Dar es Salaam siku mbili kwa shoga yake anayeijua njia, na Alhamisi saa mbili asubuhi apae. Alipokuwa anatuaga alimwambia Bibi (Bibi ndiye mama yake mzazi) maneno haya: "Nikishuka tu, nitapiga simu kwa Mzee Sufiani." Mtaani kwetu simu ilikuwa hiyo moja, iko dukani, juu ya kabati la vioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate.

Sasa, hiyo Jumatano alasiri, Bibi amekaa mkekani anashona kofia, Bwana Tarimo anapiga pasi shati lake la kesho kwa pasi yetu ya mkaa (huyu ni karani aliyetoka Moshi, amepanga chumba chetu cha uani kwa ajili ya kikao cha bajeti), na Mama Chilewa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amekuja kuazima kinu lakini kinu kimesahaulika, maongezi yamenoga. Bibi akauliza, bila kumuuliza mtu hasa, huyu binti yake akipaa kesho saa mbili atatua saa ngapi huko. Bwana Tarimo akasema labda mchana. Mama Chilewa akasema mchana wa siku gani, mpwa wake alikwenda kusoma Ulaya, barua ya kwanza ya kusema amefika ilikuja baada ya miezi mitatu.

Mimi nikasema, "Naweza kupima."

Inabidi mnielewe. Mimi darasani ni mtu ambaye mwalimu akiita jina langu wenzangu wanageuka kuangalia kama nimehamia jana. Nyumbani nikiwa na jambo namwambia Mama sikioni, Mama ndiye analisema kwa watu. Lakini Mama hakuwepo, na jiografia ndilo somo pekee ninalolipenda, na wale watu watatu walikuwa wamegeuka wananitazama mimi, kwa hiyo sikuweza tena kurudisha maneno mdomoni.

Nikaingia ndani nikatoa atlasi ya shule (nimeazimwa kwa likizo kwa sharti irudi haina doa), nikaifungua mkekani ukurasa wa Afrika, ambao kwa bahati kule juu kulia unaonyesha na nchi za Uarabuni, nikamwomba Bibi uzi wake wa kofia, nikabana ncha moja kwenye kitone cha Dar es Salaam na nyingine kwenye kitone cha Dubai, nikauvuta ukanyooka kabisa, nikaulaza kwenye rula. Sentimeta kumi kasoro kidogo. Kila sentimeta, atlasi inasema, ni kilomita mia nne. Basi kilomita elfu nne, ile kasoro kidogo nikaisamehe. Mwalimu wetu aliwahi kutuambia ndege kubwa inakata kilomita mia tisa kwa saa moja, nikagawanya, nikapata saa nne na dakika ishirini na sita. Mama anapaa saa mbili, kwa hiyo anatua saa sita na dakika ishirini na sita mchana.

Ningeishia hapo pengine yangekuwa mengine. Lakini walikuwa wamenyamaza kabisa, Bwana Tarimo ameweka pasi chini, Bibi ameacha sindano hewani, na mimi utamu ukanikolea. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuijua, kwamba wasubiri, bado kuna longitudo. Dar iko digrii thelathini na tisa mashariki, Dubai digrii hamsini na tano, tofauti kumi na sita, kila digrii dakika nne, jumla dakika sitini na nne, na kwa kuwa jua linachomoza kwao kabla ya kwetu, wao wako mbele, kwa hiyo Mama atawahi. Nikatoa. Nikaandika jibu kwenye karatasi na kulipigia mstari chini mara mbili: saa tano na dakika ishirini na mbili.

Bwana Tarimo akaichukua ile karatasi akaisoma kama barua ya serikali. Akasema yeye basi lililomleta kutoka Moshi hakujua hata siku litakayofika, sasa mtoto wa kidato cha tatu anajua mpaka dakika. Bibi ndiyo usiseme. Akanivuta akanikalisha karibu naye. "Mwenzenu mke mwenzangu amesoma," akasema (ndivyo anavyoniita, kwa kuwa babu yangu alikuwa akiniita mkewe), na tangu hapo kila aliyepiga hodi, anayeuza mboga, anayeleta maji, aliyekuja kuulizia kuku wake, alisomewa ile karatasi. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba Zainabu binti wa Bibi Mwanaharusi anatua Dubai kesho saa tano na dakika ishirini na mbili. Nililala nimejaa sifa. Sikujiuliza hata mara moja kama ndege inaweza kusimama mahali, au kuchelewa, au kama mtu akishuka kwenye ndege anakuta simu imemngoja mlangoni. Uzi ulinyooka, basi na mimi nikanyooka nao.

Alhamisi upepo ulikuwa ule wa Juni wa kwetu, baridi na vumbi pamoja, unaingia mpaka kwenye meno. Saa tano kamili Bibi alivaa kanga zake za kwendea arusini, akaifunga saa ya mezani kwenye upande wa kanga kama mtoto mchanga, tukaenda dukani. Mzee Sufiani akatupisha tukakaa juu ya gunia la mchele, akaondoa kile kitambaa cha kufuma juu ya simu. Walikuwepo wateja watatu ambao walishanunua sukari yao lakini hawakuondoka.

Ikafika na ishirini na mbili. Tukaitazama simu. Simu haikusema kitu.

Bibi akasema mpeni nafasi, anatoa mizigo. Ikafika na nusu, ikafika kasorobo, Mzee Sufiani akanyanyua mkono wa simu kusikiliza kama ina uhai, akasema inalia vizuri, Bibi akamwambia airudishe haraka, Zainabu atakuta njia imezibwa, na baada ya dakika kumi Mzee akashindwa kuvumilia akainyanyua tena, Bibi akamkemea tena, wakawa hivyo mpaka saa sita. Mimi nilikuwa nimechukua kipande cha karatasi ya kufungia sukari na penseli ya Mzee, ninarudia hesabu polepole, na hapo ndipo nilipoiona. Zile dakika sitini na nne. Jua likiwahi kwao, saa zao za ukutani ndizo zinazotangulia. Mama akiwa angani hapunguziwi safari hata dakika moja. Hazikutakiwa kutolewa. Nikajiambia sawa, saa sita na ishirini na sita basi, bado, bado kidogo, nikaizungushia duara kwenye karatasi na kukaa kimya, nikiomba simu ilie yenyewe inifunikie aibu.

Saa sita na ishirini na sita ikaja, ikapita. Ikaja saa saba. Bibi hakusema tena habari za mizigo. Alikuwa amefungua kanga anaitazama saa, na midomo inasoma.

Mzee Sufiani akanisogelea, akainama, akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, hesabu yako ina hakika?"

Hapa ndipo penye aibu yenyewe, mengine yote ni moshi wake. Nilikuwa na kosa mkononi, limezungushiwa duara. Ningemwonyesha tu. Lakini wale wateja walikuwa watano sasa, na mmoja wao ni mama wa msichana tunayesoma naye, na jana nilikuwa mtu aliyesoma, na ilikuwa siku moja tu, sikutaka iishe. Nikaikunja ile karatasi ndani ya kiganja.

"Ndiyo, babu," nikasema. "Nimepima mara mbili."

Bibi alisikia. Akaweka saa chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi, "Kama ilitakiwa kutua na haijatua, iko wapi?" Mzee Sufiani akasema pengine simu za huko zina foleni. Bibi akasema, "Zainabu aliniambia akishuka tu. Mwanangu hajawahi kuniambia tu ikawa si tu." Akasimama, akaisahau saa yake pale kwenye gunia, akaelekea nyumbani, na alipofika mlangoni akavua vipuli vyake masikioni kimoja kimoja kama mfiwa, akakaa chini kizingitini, akalia.

Nyie mnajua kilio cha mtaani kwetu. Hakiulizwi, kinakimbiliwa. Mama Chilewa alitokea na mikono ina unga wa mtama, akamwona Bibi chini bila vipuli, akapiga ukunga, na huo ukunga ndio ulioita wengine. Kabla sijajua la kufanya, jamvi limetandikwa, meza imetolewa nje, mtu ameingia chumbani kwa Mama amekifunika kioo chake cha ukutani kwa shuka kama ilivyo msibani, wanaume wamekaa kwenye magogo upande wa barabarani na kofia zao, na wanawake wanaingia kwa kuinama, huyu na kibaba cha maharage, huyu na unga, huyu na mzigo wa kuni kichwani, wananishika mikono na kuniambia pole, mwanangu, pole. Nikawa napokea pole. Nilikuwa nalia kweli, msidhani, kwa sababu ndani yangu nilikuwa na hofu mbili zinapigana: moja inasema nimewadanganya watu wote hawa, na nyingine inasema, je, kama sikuwadanganya? Hata kwa hesabu iliyosahihishwa Mama alikuwa amechelewa. Nilitamani kosa liwe langu. Nilimwomba Mungu nionekane mjinga mbele ya mtaa mzima, na huku nikiwa siwezi kufungua mdomo.

Kina mama wa kanisani kwao Mama Chilewa wakaja wakaanza wimbo wa kufariji. Upande wa pili wa jamvi shangazi zangu wa mjini walikuwa wanasoma uradi, na kwa muda zikawa zinashindana, wimbo unapanda, uradi unapanda, mpaka Mama Chilewa akawapungia wenzake mkono washushe sauti, nyumba si yao.

Mzee Sufiani, kwa kuwa ni mtu wa busara, hakutaka kukaa bila kumjulisha mwenye mke. Baba anafanya kazi ya reli, kituo cha Gulwe, anakuja nyumbani mwisho wa juma. Mzee akapiga simu stesheni ya mjini, stesheni ikapeleka neno Gulwe kwa simu yao ya njiani, na neno lilivyofika kule lilikuwa fupi sana: aje nyumbani, mkewe, ndege. Ilikuwepo treni ya mizigo inaelekea Dodoma. Dereva akampandisha kwenye kichwa cha treni.

Baba aliingia uani saa kumi na moja kasoro dakika chache. Alikuwa na nguo za kazi, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope, na wanaume walipoinuka kumpa mkono alipokea mikono yote bila kumtazama mtu, kisha akaniona, akaniita kwa kidole. Nikaenda. Akaniwekea mkono kichwani. Hakuwa amefanya hivyo tangu niko darasa la pili. Nilitamani ardhi ya Chang'ombe, ngumu kama ilivyo, ipasuke.

Na hapo hapo, namshukuru Mungu kwa kumwumba, akasimama Mwalimu Rajabu wa madrasa. Alikuwa amekaa kimya muda wote anachezea tasbihi. Akasema yeye ameitwa kwenye msiba na amekuja, lakini kabla hajainua mikono kumwombea mtu anataka kujua jambo moja.

"Habari hii ameileta nani?"

Watu wakatazamana. Baba akasema yeye ameipata stesheni Gulwe. Stesheni, ikasemwa, imepata kwa Mzee Sufiani. Mzee Sufiani akasema yeye alisikia kilio, akatoka dukani, akamkuta Mama Chilewa analia, akadhani habari imefika kwa njia nyingine. Mama Chilewa akafuta pua kwa pindo la kanga, akasema, "Mimi nimemkuta Bibi mlangoni hana vipuli, ningengoja nini?" Wote wakageukia jamvini. Bibi akainua uso, macho yamevimba, akasema yeye hakuletewa habari na mtu. "Saa ilipita. Mke mwenzangu alipima, ilitakiwa saa tano na dakika ishirini na mbili."

Mwalimu Rajabu akanigeukia. "Kwa hiyo hakuna simu, hakuna redio, hakuna mtu. Kuna hesabu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Iko wapi?"

Bwana Tarimo, ambaye alikuwa ametoka kazini muda si mrefu na tai bado shingoni, ndiye aliyeingia kuleta atlasi. Ikafunguliwa kwenye meza iliyotolewa nje, mbele ya wanaume wote, na uzi wa Bibi bado umo ndani ya ukurasa. Nikatakiwa nieleze. Nikaeleza, nikianza na uzi, sauti inakatika, mtu wa nyuma anasema hatusikii, naanza upya, nafika kwenye kilomita, nafika kwenye kugawanya, nafika kwenye longitudo. Bwana Tarimo akauliza kwa nini nilitoa dakika sitini na nne. Nikamtazama Baba, ambaye hakuwa anatazama atlasi, ananitazama mimi tu. Nikafungua kiganja. Ile karatasi ya sukari ilikuwa imelowa jasho lakini duara lilisomeka.

"Nilikosea," nikasema. "Niligundua saa sita, dukani. Mzee aliponiuliza nikasema nina hakika. Sikuwa na hakika. Tena sijui kama ndege inasimama njiani, sikuuliza. Sijui lolote kuhusu ndege, nimepima karatasi."

Nilitegemea kofi. Wallahi ningelipokea kwa shukrani. Lakini wote walikuwa wamefika pale nilipokuwa mimi tangu saa sita: hesabu imefutwa, sawa, lakini simu bado haijalia. Mzee mmoja akauliza sasa tuvunje matanga au tuendelee. Mwalimu Rajabu akasema hakuna cha kuvunja, maana hakuna kilichofungwa, mtu anangojwa. Wakabaki pale pale, wanawake jamvini, wanaume kwenye magogo, moto unawaka, wanangoja. Ilikuwa mbaya kuliko kilio.

Saa kumi na moja na nusu ikapita kidogo. Mjukuu wa Mzee Sufiani, binti aliyeachiwa duka, akatokea barabarani anakimbia bila kitambaa kichwani, anaonyesha nyuma kwa mkono, pumzi haitoshi kusema. Haikuhitajika. Ua zima liliinuka. Nimewahi kuona watu wakikimbilia moto na wakikimbia nzige, lakini sijaona watu wazima wakikimbilia simu, Bibi mbele hana kiatu, kina mama wa kanisani, shangazi zangu, Bwana Tarimo na tai yake begani, wote wakajisokomeza kwenye duka la futi kumi, na waliokosa nafasi wakaning'inia dirishani.

Baba akashika simu. Akasema, "Hallo." Akasikiliza. Uso ukaanza kumcheza, akanikabidhi mimi mkono wa simu akageukia magunia.

"Hallo? Baba Mwanaidi? Mbona kimya?" Sauti ya Mama ilikuwa inakuja kama iko ndani ya mtungi, inaondoka na kurudi. Nikasema ni mimi. Akasema amefika salama, ila Dar wamekalishwa mpaka saa nne, halafu Nairobi wakashushwa wakakaa weee, halafu huko kuna foleni ya pasipoti ndefu kama ya sukari zile enzi za mgawo, na miguu imemvimba. Kisha akauliza, "Mbona nasikia watu wengi? Nani hao wanalia?"

Nikasema hakuna kitu, Mama, tulikuwa tunakungoja. Bibi akaninyang'anya simu.

"Wewe Zainabu, tumekukalia matanga hapa toka saa nane!"

Tukasikia, maana Bibi alikuwa ameishika mbali na sikio kama redio, Mama akiuliza matanga ya nani. Bibi akamwambia yako. Mama akauliza nani kasema amekufa. Bibi akanitazama, akatazama watu, akasema, "Atlasi."

Mama akasema, "Wameshakula?"

"Nani?"

"Hao waombolezaji. Wapikieni, mama. Wasiondoke na njaa nyumbani kwangu."

Ndipo lilipopasuka lile cheko. Mama Chilewa alicheka mpaka akakaa chini kwenye mlango wa duka watu wakawa wanamruka. Wakarudi wote wakapika yale maharage na ule unga, kina mama wa kanisani wakaimba wimbo mwingine, wa kuchezeka, Mwalimu Rajabu akaomba dua ya shukrani na kusema aliyezushiwa kifo huwa ameongezewa umri, na kila aliyepita karibu yangu na sahani aliniuliza kitu. Rubani, mvua itanyesha saa ngapi? Rubani, hebu nipimie na mie kwa uzi, mume wangu yuko Chemba ananunua ng'ombe, anarudi lini? Nikacheka nao. Baba hakucheka. Alipomaliza kunawa alinikalisha, akasema yeye kutoka Gulwe mpaka Dodoma alikuwa ameshaamua nani atakaa na mimi na nani atakaa na Bibi. Ndivyo alivyosema, basi. Halafu akasema sufuria na majamvi ya watu, na unga uliobaki, kesho nitarudisha mwenyewe, na nitasema mwenyewe.

Ijumaa asubuhi, baada ya kumsindikiza Baba mpaka kona kwenda kupanda treni yake, nikajitwika vitu vya watu kwenye ungo. Nyumba tisa. Kila mlango hodi, shikamoo, nimeleta sufuria yenu, Mama yangu ni mzima, mimi ndiye niliyekosea na nilijua nimekosea nikanyamaza, mnisamehe. Nyumba ya kwanza nilisema nikiwa natazama sufuria. Nyumba ya nne mtu alinifungia mlango nusu kwanza, kwa sababu kuni zake zilikuwa za wiki nzima na sikuwa na kuni za kumrudishia, nikamwambia nitamwokotea Jumamosi na Jumapili, na nimeokota. Mama Chilewa, ambaye nilimwacha mwisho-mwisho kwa kumwogopa, alinijibu kwa "mbukwa", salamu ya Kigogo, nyumba nzima ikasikia, akanipa karanga, akasema hajalia vizuri vile tangu aolewe.

Nimeapa humu daftarini ninamoandika haya, na naapa tena mbele yenu, kwamba siku nikiulizwa "una hakika?" na moyo ukasita hata kidogo, nitasema huo kusita kwanza, jibu baadaye, hata kama nitabaki nyuma ya darasa mpaka nizeeke.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Mwalimu Rajabu. Mkewe akapokea jamvi lake, akalikung'uta, akalikunja, akaniuliza habari za asubuhi, kisha akaniuliza kwa upole tu, bila dhihaka, Mama anarudi siku gani na ndege itatua saa ngapi.

Nikamwambia sijui. Akasema haya, tutamwona akifika. Nikasema ndiyo, bibi, tutamwona akifika, nikajitwika ungo mtupu nikarudi nyumbani kufua.